Pua ya Dukani kwa Mjomba

Pua yangu ilipata kazi kabla yangu mwenyewe. Nilikuwa nimemaliza darasa la saba miaka mitatu nyuma, sina cheti cha maana, cherehani sijui, na mtu yeyote mtaani kwetu Nsemulwa akiulizwa habari zangu alianza na mafua. Nilikuwa na mafua mwaka mzima. Mvua zikianza ninayo, mvua zikikatika ninayo, na kati ya hapo nilikuwa napumzika siku mbili tatu ili nipate nguvu za kuanza upya.

Nilikaa kwa mjomba, kaka yake mama, aliyekuwa akinunua mahindi na karanga pale Mpanda mjini na kuyasafirisha kwa treni kwenda Tabora. Ni miaka ya tisini, wakati tukiwa bado Mkoa wa Rukwa. Mke wa mjomba hakunipenda sana, na simlaumu. Nilipiga chafya juu ya uji wa watoto wake. Nilipiga chafya juu ya nguo alizokwisha kuzipiga pasi. Siku moja, mbele ya wageni waliotoka Tabora, nilipiga chafya saba mfululizo katikati ya dua, mpaka mzee aliyekuwa akiomba akanyamaza na kusubiri mikono ikiwa juu. Miaka ile mtu akikohoa wiki mbili, majirani walianza kumpima kiuno kwa macho kuona kama anakonda. Mimi sikukonda. Nilikula kuliko wote mle ndani, na hilo nalo mke wa mjomba alilitaja.

Alinipikia dawa zote alizozijua. Alinifunika blanketi juu ya sufuria ya majani ya mkaratusi mpaka nikatoka nimeiva uso, mafua yapo palepale. Mwisho akamwambia mjomba kwamba mvua zikiisha nirudishwe kijijini kwa baba, maana pale mjini hakuna mwanamume atakayekuja kuposa kamasi. Alisema hivyo mimi nikiwa mlango wa pili nachambua mchele. Nilikasirika siku nzima. Sikutaka kurudi kijijini, kwenye jembe na kuni, wakati mjini kulikuwa na redio, taa za dukani na treni ya kuitazama.

Kilichoniokoa ni gunia.

Wakati huo mjomba alikuwa anapima ubora wa mahindi kwa bambo, kile chuma chembamba chenye mfereji ambacho ukikichoma ubavuni mwa gunia kinatoka na punje za katikati. Shida ni kwamba wauzaji walikuwa wameshamzoea. Alikuwa mtu wa utaratibu, anachoma palepale kila siku, usawa wa kiuno. Basi mwenye mahindi yaliyoota ukungu aliyaficha chini kabisa, kwenye pembe za gunia, akajaza mazuri juu na katikati. Mjomba alichoma, akatazama punje, akatikisa kichwa kwa kuridhika, na mzigo ukifika Tabora anapelekewa salamu za matusi.

Asubuhi moja ya mwezi wa nne nilimpelekea chai ghalani. Nikapita kando ya magunia sita yaliyokuwa yamekwisha kukaguliwa, na kwenye la nne chafya ikanitoka kwa nguvu, chai ikamwagika. Nikarudi kufuta, ikanitoka tena, palepale. Mjomba alinifukuza. Halafu, nadhani kwa hasira ya chai, akalipiga lile gunia teke, mshono wa pembeni ukafunguka, na mahindi ya kijani kama ugoro yakamwagika miguuni pake. Wiki iliyofuata ikatokea hivyohivyo kwenye karanga. Mara ya tatu hakunifukuza. Aliniambia nipite taratibu kwenye magunia yote, kutoka mlangoni mpaka ukutani, na yeye akanifuata nyuma na kipande cha chaki.

Kufikia mwezi wa sita nilikuwa na kigoda changu karibu na mizani. Kazi ilikwenda hivi. Mbebaji analeta gunia mbele yangu, analifungua mdomo, analipiga makofi chini pembeni mpaka vumbi linapanda. Mimi nainama, navuta pumzi, nahesabu kimoyomoyo mpaka kumi. Nikinyamaza, gunia linakwenda kwenye mizani. Nikipiga chafya, linawekwa kando na kuuzwa kwa bei ya chee kwa akina mama wapika pombe. Mjomba hakunywa, wala hakutaka kujua zaidi ya hapo. Bambo alilitundika ghalani kwenye msumari, na watoto wake wakalichukua wakawa wanachimbia nyenje.

Ninyi mnaosoma mnaweza kucheka, lakini Mpanda nzima iliniamini. Wauzaji walianza kupambana na pua yangu kwa njia zote. Mmoja alinyunyizia gunia lake marashi ya harusini. Mwingine alipaka mdomo wa gunia dawa ya kuchua mgongo. Kuna mama mmoja, na huyu namheshimu mpaka leo, alitia pilipili ya unga kwenye gunia la jirani yake aliyegombana naye. Nilipiga chafya mpaka nikaanguka kwenye kigoda, na ilibidi mjomba alimwage gunia lote chini ndipo tukaelewa.

Nyumbani mambo yakabadilika. Mjomba aliagiza nipewe yai kila asubuhi. Mke wa mjomba, ambaye miezi miwili nyuma alikuwa akinichemshia mkaratusi, sasa aliyafungia majani yake kabatini akiogopa nisije nikapona. Siku niliyoamka pua ikiwa kavu aliniuliza kwa wasiwasi kama naumwa. Habari za kijijini kwa baba zikafa bila kuzikwa.

Nikaota mapembe. Nasema ukweli wangu. Nilikaa kwenye kile kigoda na kanga mpya, mguu juu ya mguu, na watu wazima wenye mashamba yao walisimama mbele yangu wakikodolea macho matundu ya pua yangu. Msichana wa miaka kumi na tisa apewe heshima ya namna hiyo halafu abaki na akili zake timamu, sijui. Mimi sikubaki nazo.

Mwezi wa saba miembe ikachanua.

Ilikuwa miwili, imesimama mbele ya duka, na ndiyo iliyotupa kivuli cha kupimia. Mwaka ule ilichanua mpaka majani hayakuonekana. Upepo wa kipupwe ulipopita, unga wa manjano ulishuka juu ya mizani, juu ya daftari, juu ya kofia ya mjomba. Na mimi nikaanza kupiga chafya kwa kila gunia. Siku ya kwanza, kati ya magunia kumi na mawili, yalipita matatu. Mjomba alisikitika sana, akasema wakulima wa mwaka huu wameharibika tabia.

Mimi nilijua upesi. Ijumaa duka lilifungwa kwa ajili ya swala, hakuna gunia wala mtu, nikawa nafagia chini ya ile miembe peke yangu. Nilipiga chafya mpaka nikauacha ufagio nikakaa chini. Macho yaliwasha, koo likawasha, hata ndani ya masikio kuliwasha. Jumamosi asubuhi nikaenda zahanati. Tabibu wa pale alikuwa mtu mpole, mteja wetu wa maharage. Alinitazama puani kwa tochi, akauliza maswali mengi, kisha akanieleza kwamba nina aleji, na kwamba mwili wangu umechukia vitu viwili: vumbi la ukungu, na unga wa maua unaoruka na upepo. Vyote viwili vikiingia, chafya ni ileile.

“Pua yako haijui kusoma,” akaniambia. “Inapiga kelele tu kwamba kuna mgeni. Nani, haisemi.”

Akanipa vidonge vidogo vya manjano. Alisema kimoja kitanilaza usingizi, kwa hiyo siku ya kazi nimeze nusu, nayo itanisaidia mpaka karibu na adhuhuri.

Hapo nilipaswa kwenda moja kwa moja kwa mjomba. Ilikuwa hatua mia mbili tu. Nilitembea hatua hizo nikiwa nimekunja vidonge ndani ya leso, na kufika dukani nilikuwa nimeshapata sababu tano za kunyamaza, zote zikimaanisha kijijini kwa baba. Lakini kulikuwa na sababu ya sita, na hiyo ndiyo ninayoionea aibu. Niligundua kwamba chafya sasa iko mfukoni mwangu. Nikimeza nusu kidonge, magunia yanapita yote. Nisipomeza, hayapiti. Kwa siku chache niliendesha soko la mahindi la Mpanda kwa kipande cha dawa kisichozidi punje ya mtama. Aliyenisalimia vizuri asubuhi alikuwa na bahati. Mwanamume mmoja aliyezoea kuniita kamasi alirudishwa na magunia yake yote saba. Wale wengine nawaonea huruma. Huyo wa kamasi bado najadiliana na moyo wangu.

Ndipo ukaja msafara wa kijiji cha Litapunga.

Ilikuwa mikokoteni miwili ya maksai, ya Wasukuma waliohamia kule na ng'ombe zao miaka michache nyuma wakafungua mashamba makubwa. Mkokoteni wa kwanza ulikuwa wa mzee mrefu mwenye kofia pana na sauti ya chini. Wa pili ulikuwa wa mama mtu mzima, mnene, mwenye sauti ya kuitia ng'ombe bonde la pili. Kabla maksai hawajafunguliwa nira, wabebaji wetu walishajua kila kitu, maana yule mama alieleza mwenyewe: kijana wake anamwoa binti wa yule mzee, wamekwisha kuelewana, harusi ni baada ya kuuza mavuno, ndiyo maana wamekuja pamoja.

Mbebaji wetu mmoja alikuwa Msukuma. Akaniinamia kunieleza kwamba mzee yule hajaja kuuza tu. Amekuja kutazama. Kwao, alisema, baba hampeleki binti kwenye mji ambao ghala lake linaoza chakula. Mahindi yakiota ukungu maana yake paa linavuja na wenye mji wamelala, na binti atakwenda kulala njaa pamoja nao. Ng'ombe unaweza kuazima za jirani ukazionyesha kwa wakwe, lakini ghala huwezi kuliazima. Mahindi ya yule mama ndiyo ghala lake, limepakiwa kwenye mkokoteni.

Asubuhi ile nilikuwa nimemeza nusu. Sikumbuki kwa nini, labda nilikuwa nimechoka tu. Magunia ya mzee yalitangulia, yalikuwa kumi. Nikainama kwenye kila moja, pua imelala fofofo, nikahesabu kumi kumi, sikusikia kitu. Yote yakapita. Mzee akamwambia mjomba kwamba huyu binti ana adabu, na mimi nikakubaliana naye.

Kupima, kuandika na kupanga ghalani kulichukua muda. Yalipoanza kushushwa magunia ya mama, yalikuwa manane, jua lilishakaribia utosini, upepo umeamka, na nusu kidonge yangu imekwisha kazi yake. Nilianza kusikia mtekenyo mzizi wa pua. Ningeweza kusema nakwenda uani. Nilikuwa nimeshaanza kuinuka. Lakini yule mama alikuwa hajawahi kuona kazi yangu kwa karibu. Alipoona naandaliwa gunia, nimejiweka sawa kwenye kigoda, akacheka. Alimuuliza mjomba, kwa ile sauti yake, kama watu wa mjini wamekuwa mbuzi siku hizi, mpaka wanuse chakula ndipo wajue kama kinaliwa. Wabebaji wakaangua kicheko. Yule mzee, mkwe wake mtarajiwa, akacheka. Mjomba mwenyewe alitabasamu, nilimwona.

Nikakaa tena.

Niliinama kwenye gunia lake la kwanza nikaiachia chafya. Na la pili. Na la tatu. Vicheko vikakatika kimoja kimoja. Kufika gunia la nane upepo ulikuwa umetulia kidogo, kwa hiyo chafya ya nane niliisaidia.

Mjomba akanyoosha mkono, magunia yote manane yakawekwa kando. Akamtajia bei ya wapika pombe. Yule mama hakupiga kelele kama nilivyotegemea. Aliuliza ukungu uko wapi, aonyeshwe. Akaingiza mkono wake mpaka kwenye kiwiko, akatoa konzi ya mahindi meupe, akamwekea mjomba mbele ya macho. Mjomba akamjibu kwa upole kwamba pua inatangulia macho: leo ni harufu, mwezi ujao utauona. Alikuwa anaamini kabisa. Mama akageuka kumtazama mkwe wake, na mkwe alikuwa anatazama kwato za maksai. Halafu yule mzee akasema maneno machache ya Kisukuma, kwa heshima sana, na mama akasimama kama aliyemwagiwa maji. Nikamuuliza mbebaji amesema nini.

“Anasema suala la watoto si la haraka,” akaninong'oneza. “Labda waliangalie mwaka mwingine.”

Nilikuwa nimetaka kumfunga mdomo, basi. Sikuwa nimetaka kumvunjia mwanawe harusi. Lakini nilibaki nimekaa, kwa sababu mke wa mjomba alikuwa amesimama mlangoni amejishika kiuno, na kijijini kwa baba kulikuwa kunaniita kwa sauti kubwa.

Mama akaenda kwenye mkokoteni wake akarudi na beseni. Akalijaza mahindi kutoka gunia la nane, lile nililolisaidia, akajitwika mwenyewe, akavuka barabara mpaka mashine ya kusaga. Tulisikia mashine inanguruma. Akarudi na unga ungali wa moto. Akatafuta mawe matatu, akayapanga katikati ya uwanja wa duka, akashusha sufuria yake ya safari na kuni zake, akawasha moto. Mjomba akamuuliza anafanya nini.

“Napika,” akasema. “Nyie hamjala.”

Kila mtu pale alielewa. Unga wa mahindi yaliyovunda hauwezi kujificha kwenye ugali, unakuwa mchungu, na uchungu wake unabaki kooni mpaka kesho. Watu wa maduka ya jirani wakaanza kusogea. Alisonga ugali mkubwa, akaugeuzia kwenye sinia, akatoa kibuyu cha maziwa ya mgando akamimina kwenye bakuli, akaweka sinia chini. Akakaribisha. Wabebaji walimtazama mjomba. Mjomba alitazama sinia. Kwetu kuna mambo mengi ya kukataa, lakini chakula ulichokaribishwa hadharani hukikatai hivihivi, na kukila ilikuwa sawa na kumwambia mjomba kwamba amekosea. Mama akamkaribisha mkwe wake. Mzee akasema asante, yeye atasubiri kwanza mwenye pua ale.

Ndipo mama akanyanyua sinia akaja nalo mpaka kwenye kigoda changu.

“Kula, mwanangu,” akasema. “Kama ni mchungu, uniambie mimi.”

Napenda kusema kwamba niliwaza haki. Niliwaza jembe, niliwaza yai la kila asubuhi. Niliwaza kutema. Tonge moja tu nikitema, kazi yangu inabaki na mwanawe hataoa pale. Nilikata tonge dogo, nikalichovya kwenye mgando, nikalitia mdomoni, na watu wote wakanitazama taya. Lilikuwa tamu. Mahindi mapya, yamekauka vizuri, yametunzwa na mtu anayejua kutunza. Na nikiwa bado natafuna, upepo ukapita kwenye miembe, chafya nne zikanitoka na ugali mdomoni, maziwa yakaniruka mpaka kwenye kanga mpya. Mtu mmoja nyuma akaanza kucheka. Nikakata tonge la pili, kubwa, nikala, nikapiga chafya, nikakata la tatu.

“Mahindi ni mazima,” nikasema. “Ni maua ya hii miembe. Nimejua tangu wiki iliyopita.”

Mjomba alinyanyua kichwa akaitazama ile miembe, nadhani kwa mara ya kwanza mwezi ule. Kisha akanitazama mimi. Akarudia neno moja, wiki, na nikaona anawakumbuka mmoja mmoja wote aliowarudisha. Hakunipiga wala hakunitukana. Aliwaambia watoto wakalete bambo. Nilijua kazi yangu imekwisha palepale, na kweli, siku ya nne nilikuwa kijijini kwa baba nimeinamia jembe, sina yai, mafua ninayo.

Bambo lililetwa lina udongo. Mjomba akalifuta kwa kanzu yake, akaanza na magunia ya mama, safari hii akichoma chini, kwenye pembe. Mama alisimama mbele yake akikinga kiganja, punje zinashuka kwenye kiganja chake, naye anawaonyesha watu. Meupe. Gunia la pili, meupe. Manane yote, meupe, na kila mara alizungusha mkono taratibu mbele ya mkwe wake kabla ya kumwaga. Watu walishaanza kula ugali. Mzee alivua kofia yake akaishika. Nilifurahi, sifichi, nilifurahi kana kwamba nimeyalima mimi.

Lakini mjomba alikuwa mtu wa utaratibu. Akasema pua iliyodanganya kwenye haya manane inaweza kuwa imenyamaza kwenye yale kumi. Akaingia ghalani na bambo lake. Mimi, ambaye peke yangu nilijua habari ya nusu kidonge, nilimfuata. Mama akaingia, kiganja kikiwa bado kimekingwa kwa mazoea. Mzee akaingia mwisho.

Mle ndani kulikuwa na giza kidogo. Mjomba alizunguka nyuma ya gunia la kwanza la mzee, akainama, akachoma pembeni chini, na punje zikateremka kwenye mfereji zikaangukia mkononi mwa mama. Nilikuwa begani kwake. Zilikuwa za kijani na nyeusi, zimeshikamana. Na mimi chafya ikanipanda kutoka chini kabisa ya kifua, na safari hii mgeni nilimjua, ukungu. Nikamtazama mzee. Alikuwa ameona. Sijawahi kumwona mtu mrefu akawa mfupi haraka namna ile.

Mama akafunga kiganja.

“Yakoje?” mjomba akauliza kutoka nyuma ya gunia.

“Mazima,” akasema mama.

Mjomba akainuka. Alikuwa amesikia ile chafya, na hakumtazama mama wala mzee, alinitazama mimi. Siku ile hapakuwa na mtu aliyekuwa na sababu ya kuamini neno langu, na yeye ndiye niliyemkosea zaidi.

“Na wewe,” akasema, “hiyo ilikuwa nini?”

Nilitazama kile kiganja. Alikuwa amekifunga kwa nguvu mpaka mishipa imesimama, mama ambaye saa moja iliyopita mzee huyuhuyu aliangalia kwato za maksai badala ya kumtazama usoni.

“Maua, mjomba,” nikasema, nikapiga nyingine, ya uongo kabisa, nimegeukia mlangoni kwenye upepo. Ndiyo chafya ya uongo pekee ambayo sijaijutia.

Mjomba alishalilenga gunia la pili na bambo lake, ndipo mzee akakohoa, akavaa kofia, akavua tena. Akasema, kwa Kiswahili safari hii ili sote tusikie, kwamba amefikiri upya. Anaomba magunia yake kumi yarudi kwenye mkokoteni. Hatayauza. Amekumbuka kwamba harusi ile itakuwa na watu wengi, na watu wengi wanahitaji pombe nyingi.

Mama alizifunga zile punje kwenye pindo la kanga yake, akakaza fundo kwa meno.

“Basi lete na mitungi, mkwe,” akasema. “Kwangu iko michache.”